Anayechekwa si Dubwana

Kenneth Strickfaden alikuwa fundi wa umeme wa filamu huko Hollywood. Studio ya Universal ilipotengeneza Frankenstein mwaka 1931, filamu ya kutisha kuhusu daktari anayeunda dubwana, yeye ndiye aliyeunda mitambo ya maabara: magurudumu yanayorusha cheche, mirija inayowaka na kuzimika, miali ya umeme inayopanda kati ya vyuma viwili kama mtu anayekwea mnazi. Jina lake halikuandikwa kwenye filamu ile. Zaidi ya miaka 40 baadaye mwongozaji Mel Brooks alikuwa akiandaa filamu ya kuchekesha, Young Frankenstein, akapata habari kwamba mzee yule bado yu hai, anaishi eneo la Los Angeles, na mitambo yake kaihifadhi kwenye gereji. Wakaifuata huko huko. Ilikuwa bado inafanya kazi. Wakaikodi, na safari hii jina la Strickfaden likaandikwa.

Gereji hiyo imenikaa kichwani tangu niliposoma habari zake. Mtu anayetaka tu kuidhihaki filamu ya zamani hana haja ya kuhangaika hivyo. Angegonga mbao, akabandika taa za rangi na karatasi za kung'aa, watu wakacheka uduni wa maabara, kazi ikaisha. Brooks aliitaka maabara yenyewe, pamoja na cheche zile zile zilizomtisha akiwa mtoto wa miaka mitano huko Brooklyn. Amesimulia jinsi alivyomwomba mama yake afunge dirisha usiku wa joto, kwa hofu kwamba dubwana atapanda aje kumla. Mama akamtuliza kwa hesabu: dubwana anaishi Transylvania, mbali na bahari, itabidi kwanza apate nauli ya treni, kisha nauli ya meli, kisha aulize njia ya kufika Brooklyn. Mtoto akalala. Nadhani filamu yote ya mwaka 1974 imo ndani ya maneno ya mama huyu. Hakumwambia mwanawe kwamba dubwana hayupo. Alimpa dubwana matatizo ya binadamu.

Wenye makabila yenye utani watanielewa haraka. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Wachaga na Wapare wanataniana hadi kwenye vikao vya harusi. Mtani ana ruhusa ya kusema yale ambayo mwingine akiyasema panazuka ugomvi. Anaweza kufika msibani akaiga mwendo wa marehemu, akaiga sauti yake, akazuia jeneza lisitoke hadi apewe chochote. Lakini mtani huyo huyo utamkuta ameshika jembe kaburi linapochimbwa. Anaiga vizuri kwa sababu alimwangalia marehemu kwa muda mrefu, na ana wajibu kwake. Mwenye dhihaka hana wajibu wowote, ndiyo maana maneno yake yanauma na hayachekeshi kwa muda mrefu.

Filamu za kuchekesha zinazoiga filamu za kutisha ni nyingi mno, na nyingi zimesahaulika kwa haki. Zilizobaki, kwa maoni yangu, zimebaki kwa kuwa waliozitunga walikuwa watani wa filamu walizoziiga. Alama ya kuzitambua naiona ni moja: ndani yake dubwana hachekwi. Wanachekwa wote waliomzunguka.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1948. Wakati huo Universal ilikuwa imewatumia madubwana wake hadi wakachoka. Dracula, yule mfu anayenyonya damu, na Frankenstein walitoka 1931, wakafuatiwa na maiti iliyokaushwa ya Misri, mtu asiyeonekana, na mwaka 1941 mtu anayegeuka mbwa mwitu. Kufikia 1943 studio ilishaanza kuwakutanisha wawili kwenye filamu moja, na 1944 na 1945 ikawakusanya watatu kwa mpigo, kwa matumaini kwamba wingi utarudisha hofu iliyopungua. Haukurudisha. Ndipo wakaletwa Bud Abbott na Lou Costello, wachekeshaji wawili waliokuwa kipenzi cha watazamaji wa Marekani miaka ya vita, katika filamu iliyoongozwa na Charles Barton na kuitwa Abbott and Costello Meet Frankenstein. Costello mwenyewe aliposoma hati ya filamu hakuipenda hata kidogo.

Ukiitazama leo, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba madubwana wote wanaigiza kwa dhati. Bela Lugosi yumo kama Dracula. Watu wengi hudhani Lugosi alimwigiza Dracula mara nyingi; kwa kweli katika filamu ndefu alimwigiza mara mbili tu, 1931 na hapa, miaka 17 baadaye, akiwa na umri wa miaka 65. Haigizi kama mtu aliyekuja kuchekesha. Anafungua mkono wake taratibu, vidole kimoja kimoja, joho linamfuata nyuma, sauti ile ile nzito. Alipofariki mwaka 1956 alizikwa akiwa amevalishwa joho la Dracula, na ukimwona katika filamu hii huoni ajabu. Glenn Strange ndiye dubwana la Frankenstein. Na Lon Chaney Jr. ni Larry Talbot, mtu mwema anayegeuka mbwa mwitu mwezi unapokuwa mpevu na hawezi kujizuia.

Talbot ndiye anayenigusa zaidi. Mwanzoni mwa filamu anapiga simu kutoka London kuonya kuhusu mizigo inayokwenda Florida, ambako Abbott na Costello ni wapokea mizigo. Kabla hajamaliza kueleza mwezi unachomoza, na mwenye kusikiliza upande wa pili ni Costello, anayesikia mngurumo tu. Costello anamkemea: ni upumbavu gani huu, kupiga simu kutoka London ili mbwa wako azungumze nami? Baadaye Talbot anamweleza ana kwa ana kwamba kila mwezi ukichomoza yeye hugeuka mbwa mwitu. Costello anamjibu: wewe na wanaume wengine milioni 20. Jibu linachekesha, lakini mtazame Chaney wakati analipokea. Uso haubadiliki. Ni uso wa mgonjwa aliyefika hospitali akaambiwa aache kujifanya. Tunamcheka Costello kwa kutoelewa, na papo hapo tunamhurumia Talbot kwa kutoeleweka, na hisia hizo mbili hazigombani.

Vivyo hivyo kwa mshumaa uliowekwa juu ya jeneza. Mfuniko unainuka kidogo, mshumaa unateleza, Costello anaona. Abbott akija, mshumaa umetulia. Kisa kizima kinaendeshwa na mtu aliyeona na asiyeaminiwa. Costello anafungua mdomo amwite mwenzake na sauti haitoki, pumzi tu inakwaruza kooni. Kila mtu aliyewahi kuogopa kikweli usingizini anaijua pumzi hiyo. Hofu ya Costello ni ya kweli, na inaweza kuwa ya kweli kwa sababu Dracula ndani ya jeneza ni Dracula wa kweli. Mfanye Dracula naye awe mchekeshaji, na mshumaa ule hauna tena sababu ya kutetemeka.

Chaney hakuona hivyo. Miaka ya baadaye alilalamika kwamba Abbott na Costello waliharibu filamu za kutisha kwa kuwageuza madubwana kuwa vichekesho. Namheshimu, na naelewa uchungu wa mtu aliyevaa manyoya yale kwa miaka mingi, lakini naamini alikosea. Filamu za 1944 na 1945, zilizowakusanya madubwana bila kujua wafanye nini nao, ndizo zilizokuwa zimewadhalilisha. Barton na wachekeshaji wake waliwapa tena mtu wa kuwaogopa.

Halafu ikaja televisheni. Mwaka 1957 filamu 52 za zamani za Universal ziliuzwa kwa pamoja kwa vituo vya televisheni vya Marekani, zikawa zinaonyeshwa usiku wa manane. Kizazi kizima cha watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1931 kilimjua Boris Karloff, aliyeigiza dubwana wa 1931, kwa njia hiyo, kwenye kioo kidogo, wazazi wakiwa wamelala. Bila usiku huo sidhani kama Young Frankenstein ingepata watazamaji iliowapata. Mtani lazima aigize mwendo wa mtu ambaye msiba mzima unamfahamu.

Hapo ndipo nilipopata wasiwasi wangu. Hapa kwetu vibanda vya video vilitulea kwa filamu za Kichina na za Kihindi. Karloff hakuwa mgeni wa mara kwa mara. Mtu ambaye hajamwona dubwana wa 1931 atacheka nini katika filamu ya 1974? Nilitaka kujua, kwa hiyo nikakaa na binti wa dada yangu, mwenye miaka 16, tukaitazama kwenye kompyuta yangu tangu mwanzo hadi mwisho.

Swali lake la kwanza lilikuwa, “Mjomba, mbona haina rangi?” Ni swali lile lile lililowatoa watengenezaji wake studio moja na kuwapeleka nyingine. Columbia ndiyo iliyokuwa iigharimie filamu hii. Waliposikia itapigwa kwa picha nyeusi na nyeupe, mwaka 1974, wakakataa. Brooks, mtayarishaji Michael Gruskoff na mwigizaji mkuu Gene Wilder nao wakakataa kuipiga kwa rangi, wakahamia 20th Century Fox. Gerald Hirschfeld, mpiga picha, akaisuka ile giza ya zamani: vivuli virefu ukutani, ukungu, uso unaoangazwa kutoka chini. Hata namna ya kutoka tukio moja kwenda jingine ni ya miaka ya 1930, na kuna mahali duara jeusi linaifumba picha taratibu kama jicho. John Morris naye hakuandika muziki wa kuchekesha. Aliandika wimbo wa kubembeleza mtoto kwa fidla, wimbo wa huzuni kabisa, na filamu ikautumia kama kamba ya kumvutia dubwana arudi nyumbani. Baada ya dakika kumi mpwa wangu hakuuliza tena habari ya rangi.

Wazo la filamu lilikuwa la Wilder, na yeye na Brooks waliandika hati pamoja. Wilder aliweka sharti kwamba Brooks asionekane ndani yake. Alimjua rafiki yake: akitokea tu kwenye picha, atawakonyeza watazamaji, na ule ulimwengu utapasuka. Brooks alikubali, akabaki nyuma ya kamera, na aliwanunulia mafundi leso nyeupe za kujizibia mdomo ili vicheko vyao visiingie kwenye sauti. Nikiifikiria picha hiyo, wanaume na wanawake wazima wameuma leso gizani huku mbele yao watu wanaigiza kwa dhati yote, naona siri ya kazi nzima. Kicheko kilikuwa kila mahali isipokuwa ndani ya fremu.

Mpwa wangu alicheka wapi? Alicheka farasi. Kila jina la Frau Blücher, yule mtunza ngome anayeigizwa na Cloris Leachman, linapotajwa, farasi wanalia kwa hofu, hata wakiwa mbali, hata jina likinong'onwa. Kuna uvumi wa siku nyingi kwamba jina hilo maana yake kwa Kijerumani ni gundi, inayotengenezwa kwa kwato za farasi. Si kweli, na mzaha hauhitaji maelezo hayo. Unatosha kwa mtu aliyewahi kutazama filamu yoyote, ya nchi yoyote, ambamo mwovu akitajwa radi inapiga. Nasi tuna filamu za namna hiyo tele. Alicheka nundu ya Igor, msaidizi wa daktari, inayohama kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Marty Feldman aliianza mwenyewe, akaihamisha siku kadhaa kabla wenzake hawajagundua, ndipo ikaingizwa kwenye hadithi. Daktari anajitolea kwa adabu kumtibu nundu yake, na Igor anauliza: nundu gani?

Palipokwama ni kwenye michezo ya maneno. Igor anapoiba ubongo anaiangusha chupa yenye ubongo mzuri, kama alivyofanya msaidizi wa 1931, akachukua mwingine, na baadaye anadai ni wa mtu aitwaye Abby Normal, kumbe amesoma vibaya karatasi iliyoandikwa “abnormal”, yaani ubongo huo si wa kawaida. Mzaha huo unaishi ndani ya Kiingereza na haukutoka. Nilimweleza, akatikisa kichwa kwa heshima. Lakini nilihesabu, na vya namna hiyo vilikuwa vichache kuliko nilivyohofia. Vingi vilikuwa vya mwili, vya macho na vya kimya, na hivyo havina pasipoti.

Kilichonishangaza ni tukio la kisimani. Katika filamu ya 1931, iliyoongozwa na James Whale, dubwana anakutana na binti mdogo aitwaye Maria kando ya ziwa. Mtoto hamwogopi. Anampa maua, wanayarusha majini yaelee kama mashua. Maua yanapokwisha, dubwana anamnyanyua mtoto na kumrusha, akidhani naye ataelea. Wakaguzi wa filamu waliukata mrusho wenyewe, na kwa miongo mingi watazamaji waliona mkono wa dubwana ukinyooka kuelekea kwa mtoto, kisha baba akitembea mjini amebeba maiti. Waliachiwa wafikirie jambo baya kuliko lililotokea. Brooks na Wilder wanalirudia tukio. Mtoto, dubwana, maua, kisima. Maua yanakwisha na mtoto anauliza: sasa turushe nini? Peter Boyle, aliyeigiza dubwana, anageuza shingo polepole na kututazama sisi.

Mpwa wangu hakuwa ameiona filamu ya 1931, na alishika pumzi. Mwili wake ulijua. Kisha wakahamia kwenye bembea ya ubao, dubwana akakaa upande wake kwa uzito wake wote, mtoto akarushwa hewani, akaingia dirishani mwa chumba chake, akatua kitandani salama wakati ule ule wazazi wanafungua mlango kumtazama. Nimeitazama filamu hii mara nyingi na sikuwahi kuliona hilo kabla ya usiku huo: utani umemrudisha mtoto kitandani. Kitu kilichokuwa kidonda katika filamu ya kwanza, kilichofanywa kibaya zaidi na mkasi wa wakaguzi, kimeguswa tena miaka 43 baadaye na mtu aliyekipenda, na mtoto amelala. Naye dubwana, aliyetutazama kabla, ndiye mwenye akili kuliko wote waliomo.

Gene Hackman naye yumo, kama mzee kipofu anayeishi peke yake porini. Tukio lenyewe ni la Bride of Frankenstein ya mwaka 1935, ambamo mzee kipofu anampokea dubwana, anampa mkate na divai, anamfundisha maneno machache, na wote wawili wanatokwa machozi. Ni kati ya matukio mazuri kuliko yote ya Whale. Hackman anaigiza kana kwamba bado yumo ndani ya filamu ile ya 1935. Anamshukuru Mungu kwa kuletewa mgeni, na anashukuru kweli. Kisha anamwagia supu ya moto mapajani, anagonganisha kikombe kwa furaha hadi kikavunjika, anamwasha kidole gumba akidhani ni sigara. Angalia nani anachekwa na nani anaumia. Dubwana amekaa kwa adabu, anasubiri chakula kama mgeni yeyote aliyelelewa vizuri. Kinachochekwa ni wema unaojifurahia wenyewe, ule wa mwenyeji anayefurahia kukukirimu kiasi kwamba hajali kama umeungua.

Haya yote yalikuwemo tangu mwanzo kwa anayejua kutazama. Whale mwenyewe alikuwa na ucheshi. Filamu yake ya 1935 ina mtumishi mwenye kelele kali kupita kiasi na mwanasayansi anayewafuga watu wadogo ndani ya chupa. Inspekta Kemp wa Brooks, mwenye mkono wa bandia, ametolewa moja kwa moja kwenye Son of Frankenstein ya mwaka 1939, ambamo inspekta aliyeng'olewa mkono na dubwana akiwa mtoto anacheza mchezo wa kurusha vishale na kuvichomeka kwenye mkono wake wa mbao. Ukiziona zote mbili hutajua kwa urahisi ipi ndiyo ya kuchekesha.

Mwaka 1995 Brooks alijaribu tena, safari hii na Dracula, kwa filamu iitwayo Dracula: Dead and Loving It. Haikupendwa na wengi, na mimi sikuipenda. Ina rangi kali na mwanga wa kila kona, lakini hilo si kosa lake kubwa. Kosa ni kwamba Dracula mwenyewe, anayeigizwa na Leslie Nielsen, anateleza kwenye ngazi kwa kukanyaga kinyesi cha popo na kugonga kichwa kwenye taa ya darini. Dubwana amekuwa kichekesho, na mara anapokuwa kichekesho, waliomzunguka hawana wa kumwogopa, nasi hatuna wa kumhurumia. Aliyeitengeneza ni bwana yule yule, mwenye mapenzi yale yale kwa filamu za zamani. Utani una kanuni zake hata kwa mkubwa wa watani.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo nimekuwa nikilizunguka. Dubwana amefungiwa chumbani, amekasirika. Daktari Frederick Frankenstein, yaani Wilder, ambaye tangu mwanzo anaona aibu kwa ukoo wake kiasi cha kulitamka jina lake kwa namna nyingine ili asihusishwe na babu yake, anawaambia wenzake kwamba ni upendo tu utakaomwokoa kiumbe huyu. Anaagiza mlango ufungwe nyuma yake na usifunguliwe kamwe, hata akilia vipi. Anaingia. Dubwana ananguruma. Papo hapo daktari anaugonga mlango akiomba wamfungulie, na wenzake wanatii agizo la kwanza. Hana pa kukimbilia. Basi anageuka, anamtazama dubwana, anamwambia: hujambo, mtanashati! Anamsifu, anamwambia ni mvulana mzuri, malaika wa mama yake. Dubwana, ambaye hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, analia. Daktari anamkumbatia na kumpakata kama mtoto. Wenzake wanapomwita kwa lile jina lililopindishwa, anawasahihisha kwa sauti kuu: jina lake ni Frankenstein.

Kuielewa thamani ya tukio hilo inabidi kurudi nyuma kuliko Karloff. Katika riwaya ya Mary Shelley, iliyochapishwa mwaka 1818, Victor Frankenstein anamtengeneza kiumbe, kiumbe anafumbua macho, na Victor anakimbia. Hilo ndilo kosa ambalo maafa yote yanatokana nalo: baba aliyemwona mwanawe akamkimbia. Kiumbe anajifunza lugha mwenyewe kwa kuwasikiliza watu kupitia ukuta wa nyumba yao, anasoma vitabu, na hatimaye anamkabili Victor kwa hoja nzito kuliko za mtu yeyote mwingine kwenye riwaya. Mwaka 1931 sinema ilimnyang'anya ulimi. Karloff alibaki na mikono na macho, akayatumia kwa ustadi usio na mfano. Mwaka 1935 alirudishiwa maneno machache. Lakini hakuna daktari aliyewahi kuingia chumbani na kumkumbatia. Ilibidi ije filamu ya kuchekesha, miaka 156 baada ya kitabu, ndipo mtu wa ukoo wa Frankenstein afanye lile ambalo Victor alipaswa kulifanya usiku wa kwanza. Na alilifanya kwa sababu mlango ulifungwa, hilo ndilo linalochekesha. Upendo wenyewe, ulipokuja, haukuwa mzaha.

Filamu haikuishia hapo. Wilder na Brooks waligombana kuhusu tukio ambalo daktari na dubwana, wamevaa kofia ndefu na koti za mkia, wanacheza na kuimba wimbo wa Irving Berlin mbele ya ukumbi uliojaa wanasayansi. Brooks aliona limepita kiasi. Wilder alilipigania hadi Brooks akakubali, akisema mapigano hayo yenyewe yamemthibitishia kwamba tukio lina thamani. Dubwana anacheza vizuri, hatua kwa hatua, akijitahidi kama mtoto kwenye mahafali ya shule. Taa ya jukwaani inalipuka, anaogopa moto, anasita, na mabwana waliovaa nadhifu wanaanza kumrushia kabichi. Mpwa wangu hakucheka kabichi. Alisema, “Wanamwonea.”

Mwishoni daktari anaunganisha ubongo wake na wa dubwana, wanakijiji wanavunja mlango, na dubwana anainuka na kusema. Anazungumza kwa utulivu, kwa sentensi zilizonyooka. Anaeleza kwamba tangu anakumbuka watu wamemchukia, wameutazama uso wake na mwili wake wakakimbia, na katika upweke wake aliamua kwamba kama hawezi kuwafanya watu wampende, tumaini lake kubwa kuliko yote, basi atawatia hofu. Maneno hayo ya mwisho ni ya kiumbe wa Mary Shelley. Ndiyo anayomwambia Victor kwenye riwaya, wanapokutana uso kwa uso. Filamu ya kutisha ya 1931 iliyaacha. Mtani ndiye aliyekwenda kuyatafuta, kama alivyokwenda kutafuta mitambo kwenye gereji.

Boyle anayasema bila haraka, na ukumbi mzima unanyamaza. Kisha Inspekta Kemp anasogea mbele kwa niaba ya kijiji, anatoa hotuba fupi ya maridhiano na kumnyooshea dubwana mkono wa urafiki. Dubwana anaupokea, anautikisa, na mkono unang'oka begani.

Mpwa wangu alicheka hadi akashika mbavu. Alipopata pumzi akaomba tuirudishe nyuma kidogo, asikie tena yale maneno ya dubwana.